Kiti cha Mama Mkwe

Jumamosi ya tarehe 11 Agosti 1951, saa nane mchana, jua lilikuwa kali juu ya mgodi, na upepo wa kiangazi ulikuwa ukipeperusha vumbi jeupe la mawe yaliyosagwa. Mbingu haikuwa na wingu hata moja. Upande wa Rwamgasa watu walikuwa wakichoma nyasi. Ilikuwa siku njema ya kuanika mihogo na siku mbaya ya kufua. Mwanamke mmoja wa kambini, aitwaye Sikujua, alikuwa amefua hata hivyo, kwa sababu mumewe Januari alikuwa na mechi saa tisa, na Mama Mbuke, mama mzazi wa Sikujua, alikuwa amesafiri kwa lori kutoka Segese kuja kuitazama.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja katika kambi ya wafanyakazi. Kilikuwa na paa la bati, mlango mmoja na kidirisha nyuma. Kwa kuwa mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja wala hawatazamani usoni, Januari alikuwa amehamia kwa rafiki yake Donatus tangu Alhamisi. Alipohitaji kitu chake alizunguka nyuma ya nyumba yake mwenyewe, akasimama chini ya kidirisha, akakohoa.

Sasa alikohoa.

"Mama Zipora! Shati."

"Halijakauka, Baba Zipora."

"Nipe hivyo hivyo. Litakaukia mwilini."

Ndani, Mama Mbuke alikuwa ameketi mkekani amempakata mjukuu wake Zipora. Aliposikia sauti ya mkwewe aligeuza uso upande wa pili, ingawa kati yao kulikuwa na ukuta wa tofali. Alikuwa mwanamke asiyefanya jambo nusunusu.

"Muulize mwenzako," alimwambia binti yake, "hiyo kazi inaanza saa ngapi."

"Saa tisa, Mayu."

"Nimesema muulize."

Sikujua aligeukia kidirisha. "Baba Zipora, kazi inaanza saa ngapi?"

"Saa tisa," ilijibu sauti ya nje.

"Saa tisa, Mayu."

"Na inakwisha saa ngapi?"

"Jua likishuka," ilisema sauti ya nje, bila kungoja kuulizwa.

"Kwa hiyo ni kazi ya nusu siku," alisema Mama Mbuke. "Haya. Sikuja kubishana. Baba yako aliniambia hivi: 'Nenda ukaone kwa macho yako. Kama ni kazi, mwache binti akae na mumewe. Kama ni mchezo, rudi na mwanangu na mtoto wake.' Sikutumwa kusikia. Wa kusikia ni wengi, na wote wamekwisha kuja kwetu kutusimulia. Mimi nimetumwa kuona. Jumatatu lori linarudi, nami nitapanda. Nitapanda peke yangu au nitapanda nanyi."

Sikujua alipitisha shati kwenye kidirisha. Mkono mrefu ulilipokea na unyevunyevu wake, ukatoweka.

Shida ilikuwa moja: ilikuwa kazi, na ilikuwa mchezo. Meneja wa mgodi, Mkanada mnene aliyeitwa Bwana Rungu na wafanyakazi wote, alipenda mchezo wa kwao unaoitwa besiboli kuliko alivyopenda dhahabu. Katika mchezo huo mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mwingine husimama na rungu akijaribu kuupiga. Bwana Rungu alikuwa amewajaribu wachimbaji, makarani na madereva, akampata Januari, ambaye mpira wake ulipita kabla mpigaji hajaamua kama ameuona. Tangu siku hiyo Januari hakushika sururu tena. Alirusha asubuhi, akapumzika, akarusha jioni. Ofisi haikuwa na jina la kazi ya mtu anayerusha mpira, hivyo alilipwa kama msaidizi wa fundi wa pampu. Hakuwahi kugusa pampu.

Jirani yao Mwanaima, mwanamke wa Tabora aliyekaanga vitumbua mlangoni pake, alichungulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama Zipora, mumeo leo anakwenda kazini au anakwenda kucheza?"

"Anakwenda kazini," alisema Sikujua.

"Basi kazi njema. Mume wangu naye anakwenda kazini, lakini yeye akirudi huwa amechoka." Mwanaima alicheka, akarudi kwenye karai lake.

Mama Mbuke hakucheka. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama mjukuu.

"Nataka kukaa mahali ambapo nitaona vizuri," alisema.

*

Sikujua alimfuata Sabiti, mnyapara wa uwanjani, aliyekuwa akisimamia watu wanaofunga kamba kuzunguka kiwanja. Sabiti alikuwa mtu wa Pangani, mwenye kofia safi na Kiswahili cha kunyooka, na kwa kuwa alijua Kiingereza ndiye aliyekuwa ulimi wa Bwana Rungu.

"Kaka Sabiti, nina ombi. Mama yangu amekuja. Nataka apate mahali pazuri pa kutazama."

"Mama mzazi?"

"Mama mzazi. Asisimame juani kama sisi. Na aone vizuri, kaka, hilo ndilo kubwa. Aone kila mpira."

Sabiti alipenda kuombwa. Alikwenda kwa Bwana Rungu, akazungumza naye, akarudi akitabasamu.

"Mama yako ana bahati. Bwana amefurahi sana. Amesema mama wa mke wa mrushaji wake atakaa kiti cha mbele, karibu na bibi yake, chini ya turubai. Nyuma ya mdakaji. Hapo ndipo panapoonekana vizuri kuliko pote."

"Mungu akubariki, kaka."

Sikujua alirudi mbio. Alimvisha mama yake khanga mpya, akampaka mafuta miguuni na kumpeleka mwenyewe hadi kwenye kiti. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono. Upande wa kushoto alikaa mke wa Bwana Rungu, na upande wa kulia alikaa meneja wa timu ya wageni, waliotoka Shinyanga kwa malori mawili. Nyuma ya viti kulikuwa na ukuta wa ghala, na mbele kulikuwa na wavu wa waya wa kuzuia mpira. Mama Mbuke alikaa, akaweka mikono magotini. Hakuwa amewahi kukalia kiti mbele za watu wengi kiasi kile.

Sikujua alifunga mtoto mgongoni, akaenda kusimama kwenye kamba pamoja na wanawake wa kambi. Moyo wake ulikuwa mweupe. Alikuwa amefanya kila ambalo binti mwenye akili angefanya.

Kisha Januari alipanda kichuguu kidogo kilicho katikati ya kiwanja, shati lake likiwa bado limemganda mgongoni. Donatus, mdakaji, alichuchumaa mbele ya wavu, akanyanyua glavu yake. Mpigaji wa Shinyanga alikaa sawa na rungu lake. Januari aliinua macho aitazame glavu. Juu kidogo ya glavu, sawasawa na bega la Donatus, aliuona uso wa mama mkwe wake ukimtazama.

Aliinamisha kichwa. Sikujua aliona kichwa kile kikiinama, na hapo hapo akaelewa alichokifanya yeye mwenyewe.

*

Mpira wa kwanza uligonga ardhi hatua kadhaa kulia kwa Donatus. Wa pili ulikwenda kushoto na kuwatawanya madereva waliokaa juu ya mapipa. Wa tatu ulipaa. Januari alirusha huku ametazama viatu vyake, na mwili wake wote ulikuwa umegeuka upande kama mtu anayepita mlangoni kwa wakwe.

Sheria ya besiboli ni kwamba mrushaji akikosa mara nne, mpigaji hutembea bure hadi kituo cha kwanza kati ya vitatu. Mpigaji wa kwanza alitembea. Wa pili alitembea. Wa tatu alitembea, na vituo vikajaa. Kuanzia hapo kila aliyetembea alimsukuma mwenzake wa mbele hadi nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, na kila aliyefika nyumbani alihesabiwa bao.

"Mume wako leo hajambo?" Mwanaima aliuliza.

"Hajambo."

"Mbona anawarushia madereva?"

Wanawake walicheka. Sikujua alimpapasa Zipora mgongoni, ingawa mtoto hakuwa akilia.

Wageni walipopata bao la pili bila kupiga hata mpira mmoja, Bwana Rungu aliondoka kwenye kituo cha kwanza alichokuwa akilinda, karibu na kamba ya wanawake. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alimwita Januari na kumwita Sabiti.

"Anauliza una nini," Sabiti alisema.

"Mwambie mama mkwe yuko pale."

"Yuko wapi?"

"Pale. Nyuma ya Donatus. Nikirusha, ninamrushia yeye."

"Kuna wavu. Mpira haumfikii."

"Kaka Sabiti, wewe umeoa?"

"Wake wawili."

"Kwenu mtu anasimama mbele ya mama mkwe wake, anamkazia macho, anainua mkono na kumtupia kitu?"

Sabiti alifikiri. "Hapana," alikiri. "Kwetu pia hapana." Akamgeukia Bwana Rungu na kumweleza kwa Kiingereza, kwa kirefu, akionyesha kiti kwa kidevu badala ya kidole.

Bwana Rungu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliangua kicheko hata tumbo likatikisika, akasema maneno machache na kumpiga Januari begani.

"Anasemaje?"

Sabiti alisita. "Anasema kwao, mtu akipata nafasi ya kumrushia mama mkwe wake mpira, haikosi. Anasema lenga vizuri."

Januari alimtazama Bwana Rungu kwa mara ya kwanza kama mtu asiyemjua kabisa. "Basi mwambie amhamishe. Ampe kiti kingine."

"Hilo nimemwambia. Anasema huwezi kumnyanyua mgeni wako kwenye kiti cha heshima. Itakuwa aibu kwa mama wa watu." Sabiti alirekebisha kofia yake. "Na hapo, kwa kweli, ana haki."

Bwana Rungu alirudi kwenye kituo chake. Januari alirudi kichuguuni. Mpigaji mwingine alitembea, na bao la tatu likaingia.

Sikujua hakungoja la nne. Aliinama, akapita chini ya kamba na kukimbia kukatiza kiwanja, mtoto akirukaruka mgongoni. Watu walipiga miluzi.

"Na huyo yuko timu gani?"

"Mpe rungu! Huenda akapiga!"

Alizunguka mwisho wa wavu, akapiga magoti kando ya kiti cha mama yake.

"Mayu, inuka twende kule kwenye kamba."

"Niinuke?" Mama Mbuke alinong'ona bila kugeuka. "Mwenyeji amenipa kiti cha karibu na mke wake, nikitupe kabla jua halijashuka? Na nikiinuka nipite wapi? Nyuma ni ukuta. Nipite mbele, katikati ya uwanja, mkwe wangu akiwa amesimama pale juu, watu wote wakitazama?"

"Mayu, hawezi kurusha ukiwa hapa."

"Unadhani sijaona? Nilijua tangu mpira wa kwanza. Nikajisemea, huyu kijana anatupa huko kwa ajili yangu. Nikawa natazama magoti yangu. Lakini kila nikiinua macho nione kama ameanza kazi, naye ananiona. Nikimtazama, hawezi kufanya. Nisipomtazama, sijaona. Na mimi nimetumwa kuona."

"Ni kosa langu. Mimi ndiye niliyekuombea kiti."

"Ni kosa lako," mama yake alikubali.

Donatus, aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili wa wavu na aliyesikia kila neno, alisema bila kugeuza kichwa, "Mama, samahani kwa kuingilia. Vituo vyote vimejaa. Lolote mtakalofanya, fanyeni sasa."

Mama Mbuke alishika pindo la khanga yake mpya, akalivuta juu ya kichwa, juu ya uso, hadi kifuani. Akaweka mikono magotini tena.

Mke wa Bwana Rungu alidhani mgeni anaumwa kichwa kwa jua. Alimsogezea bilauri ya maji ya ndimu, na Mama Mbuke hakuiona.

*

Januari aliinua macho polepole. Pale ulipokuwa uso, sasa palikuwa na khanga yenye maua mekundu. Mama mkwe aliyejifunika hayupo, hivyo ndivyo alivyolelewa. Alijinyoosha. Alipandisha mguu, akauzungusha mkono na kuuachia mpira.

Ulitua kwenye glavu ya Donatus kwa mlio uliowafanya madereva waache kuongea.

Mpigaji hakuwa amelitikisa rungu. Kwa mpira wa pili alilitikisa akiwa amechelewa, na kwa wa tatu akiwa ameogopa, na anayekosa mitatu hutolewa. Akatoka. Aliyemfuata akatoka, na wa tatu akatoka. Kambi nzima ilipiga kelele. Wachimbaji waliokuja kumcheka yule mtu anayelipwa kwa kutupa walianza kumtaja kwa jina. Hata Mwanaima aliacha kuuza vitumbua, na alipogutuka, vitatu vilikuwa vimeungua.

Sikujua alikaa chini kando ya kiti. Hakuwa amewahi kumtazama mumewe akirusha kutoka upande huu, na alishangaa kuona jinsi ilivyokuwa kazi. Jasho lilimtiririka hadi kwenye viwiko. Kila alipoachia mpira mdomo wake ulijikunja, kama wa mtu anayenyanyua gunia la pamba. Kila mara mpira ulipotua, Mama Mbuke alishtuka ndani ya khanga.

"Mayu, ametoka mwingine! Wa Shinyanga hawauoni kabisa!"

"Usinisimulie."

"Lakini—"

"Sikutumwa kusimuliwa."

"Basi funua kidogo tu. Jicho moja."

"Nikifunua, ataona," alisema Mama Mbuke ndani ya khanga. "Nyamaza."

Mchezo uliendelea hivyo hadi jua likaanza kushuka nyuma ya ghala. Wageni hawakuongeza kitu. Timu ya mgodi ilipata bao moja, kisha la pili, na mtu wa mwisho alikuwa tayari yuko njiani kurudi nyumbani, lakini mpira ukafika kabla yake, akatolewa. Shinyanga walishinda tatu kwa mbili. Yale matatu yalikuwa yale yale ya mwanzo, waliyoyapata kwa kutembea.

Bwana Rungu alilitupa rungu lake chini, na halikuokotwa mpaka alipoondoka.

*

Nyumbani, jua lilipokuwa likizama, Mama Mbuke alikuwa akikunja mkeka wake.

"Funga vyako, ng'wanawane, mwanangu. Jumatatu si mbali."

"Mayu, umekaa pale tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wote wameona. Muulize Mwanaima, ambaye hampendi mume wangu!"

"Baba yako hakumtuma Mwanaima."

"Umesikia kelele."

"Kelele nimesikia. Hata kwenye ngoma kuna kelele, na ngoma si kazi." Alikaa juu ya mkeka uliokunjwa. Sauti yake ilipungua. "Nikuambie nilichokiona, ili usiseme nimekuonea. Nimemwona mtu amepanda juu ya kichuguu. Nimemwona akitupa mpira, ukaenda kwa madereva. Nimeona wageni wanatembea. Nimemwona Mzungu anakuja amekasirika. Nikajifunika. Hayo ndiyo niliyoyaona. Nikimwambia baba yako mengine, nitakuwa nimesema uongo, na tangu aliponioa sijamwambia uongo."

"Basi nimekwisha."

"Usilie mbele ya mtoto."

Nyuma ya nyumba mtu alikohoa.

Sikujua alijua kikohozi kile kwa aina zake zote, na hiki hakikuwa cha kuomba chakula. Akaruka hadi kidirishani.

"Baba Zipora! Chakula bado!"

"Si chakula. Nime—"

"Bado nasema! Nenda kwa Donatus, nitakuita!"

"Mama Zipora, nisikilize. Nimefuku—"

"Ugali haujaiva!" Sikujua alipaza sauti, na jiko lilikuwa halijawashwa.

"Mwache aseme," alisema Mama Mbuke. Alikuwa tayari amegeukia ukuta wa pili.

Sauti ya nje ilisema, ikijitahidi kuwa ndogo, "Nimefukuzwa. Bwana anasema mkono ninao, moyo sina. Anasema niliona watu wengi nikaogopa. Chumba wanakitaka mwisho wa mwezi."

Sikujua alishika ukingo wa kidirisha. Alikuwa amejaribu kulificha tobo, na sasa ukuta wote ulikuwa chini.

"Muulize mwenzako," alisema Mama Mbuke, "amefukuzwa kwa kosa lipi."

"Mayu, tafadhali."

"Muulize."

"Baba Zipora, umefukuzwa kwa kosa lipi?"

"Kwa kukosa."

"Kukosa kupi?" Mama Mbuke aliuliza, akasahau kumpitisha binti yake. Kisha akakumbuka. "Muulize, kukosa kupi?"

"Kule kwa mwanzo," ilisema sauti ya nje.

"Muulize kama alimweleza bwana wake sababu."

"Alielezwa na Sabiti. Mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili hakucheka. Alisema mtu mwenye visingizio hamfai."

Mama Mbuke aliendelea kutazama ukuta. Zipora alitambaa hadi kwake, akashika pindo la khanga yenye maua mekundu na kulitia mdomoni. Bibi yake hakumzuia.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa kwa dhiraa, "alikuwa na kazi mpaka leo mchana."

"Ndiyo, Mayu."

"Ilikuwa kazi kweli, kwa sababu hakuna anayefukuzwa mchezoni. Mtu akicheza vibaya anachekwa, kisha anakwenda kula. Huyu amefukuzwa na kunyang'anywa chumba."

Sikujua aligeuka.

"Nami nilipofika niliikuta," Mama Mbuke aliendelea. "Baba yako alinituma nikaone kama kazi ipo. Ilikuwepo. Kama imekufa baada ya mimi kuikuta, hilo hakunituma."

"Mayu, si umesema huwezi kumwambia uongo?"

"Uongo uko wapi? Nitasema, nimemwona mkwe wako akitupa mpira huko na huko asinielekezee mkono. Nimemwona. Hayo niliyaona kwa macho yangu, kabla sijajifunika. Mzungu ameyaona hayo hayo, akamfukuza. Basi na mimi nimchukulie mke? Leo hii nimekula kazi ya mtu, kesho nile na nyumba yake?" Alimwinua mtoto, akamweka usoni pake na kumsemesha yeye, kwa sauti ambayo ingesikika hata kwa Mwanaima. "Zipora! Unanisikia? Baba yako amelelewa. Mwambie bibi yako amesema hivyo."

Nje mtu alijifuta pua kwa mkono wa shati.

"Sasa washa jiko," Mama Mbuke alimwambia binti yake. "Umesema ugali haujaiva, nami sioni hata moto."

*

Jumatatu Mama Mbuke alipanda lori peke yake. Alipofika Segese mumewe alimuuliza kama aliiona kazi, akajibu kwamba aliikuta. Aliulizwa ni kazi ya namna gani. Alisema ni kazi ya heshima sana, na ndiyo maana haikodolewi macho. Mumewe alilirudia jibu hilo kwenye soko la pamba, na halikupingwa.

Bwana Rungu alimtafuta mrushaji mwingine. Sabiti alimshauri amchague mtu ambaye hajaoa. Bwana Rungu hakuuliza kwa nini, akamchukua dereva kijana aitwaye Herman. Aliendelea kuwaambia wageni wake kwamba alipata kuwa na mtu mwenye mkono wa ajabu, ila alikuwa mwoga.

Sabiti alipandishwa cheo, kwa sababu nyingine.

Donatus aliendelea kudaka. Mkono wa Herman haukumuumiza kiganja.

Mwanaima alikihamia chumba chenye kidirisha, kwa kuwa kilikuwa na hewa kuliko chake.

Januari alikwenda Rwamgasa, akapata kazi ya kusukuma toroli la mawe katika shimo la mtu binafsi. Alisukuma kwa mikono yote miwili.

Sikujua alifunga vyombo, akambeba Zipora mgongoni na kumfuata. Walipojenga, alimwambia mumewe aweke milango miwili.